Baraza la Loddon na Nyumba Zake

Jioni hii nataka kuwasimulieni habari za baraza moja dogo la shamba huko Uingereza, ambalo sasa halipo tena: Baraza la Wilaya ya Loddon, katika jimbo la Norfolk, upande wa mashariki, nchi tambarare ya wakulima yenye upepo mwingi.

Katika mwaka wa 1894 Bunge lilitoa sheria ya kuanzisha mabaraza ya namna hii mashambani. Wajumbe walichaguliwa na wanavijiji wenyewe, na hata wanawake waliruhusiwa kuchaguliwa, nao walikuwa bado hawana ruhusa ya kuchagua wajumbe wa Bunge. Kazi za baraza zilikuwa maji, mifereji ya uchafu, na baadaye nyumba. Si kazi za fahari, lakini ndizo zilizomgusa mtu kila siku.

Vita vya 1939 hata 1945 vilipokwisha, nyumba njema zilikuwa haba. Tena mfanyakazi aliyekaa katika nyumba ya tajiri wake, akiondolewa kazini, aliweza kuondolewa na nyumbani pia. Kwa hiyo nyumba ya baraza ilikuwa zaidi ya paa la kuzuia mvua.

Baraza likawatumia wachoraji wawili wa majengo, Herbert Tayler na David Green. Desturi ya wakati ule ilikuwa kujenga nyumba mbili mbili, zimetawanyika kando ya njia. Wao walizishikamanisha kwa safu ndefu. Gharama ikapungua, na baridi pia. Ila safu ina taabu yake: mtu atapitaje na toroli la samadi kwenda bustani ya nyuma? Apite sebuleni? Wakaweka ghala dogo lenye milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na samadi na makaa ya mawe yakapita humo. Mimi naona shauri hili lashinda mapambo yote ya majumba makubwa.

Huko Ditchingham nyumba zimezunguka uwanja wa majani pande tatu. Wazee nao walijengewa nyumba zisizo na ngazi, kati ya wenye watoto, wasitengwe.

Nyumba zaidi ya 600 zilijengwa hivyo. Mwaka wa 1974 wilaya iliunganishwa na jirani zake, ikawa South Norfolk, na jina la baraza likafutwa. Lakini katika kuta za pembeni za nyumba zake, mwaka wa kujengwa umeandikwa kwa matofali, nao wasomeka hata leo kutoka njiani.