Usiliamshe Gari kwa Resi

Leo nazungumza na wewe mwenye Corolla, Spacio au Mark II ya otomatiki, iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika na sasa imepita miaka 20.

Ukiiwasha alfajiri, mshale wa RPM hupanda mpaka 1,500 hivi. Usiogope. Injini ikiwa imepoa, kompyuta yake huiongezea hewa na mafuta isije ikazima. Subiri mshale ushuke kuelekea 1,000. Mara nyingi hata dakika mbili hazifiki. Kisha kanyaga breki, ingiza D au R, usikie gia imeshika, ndipo uguse mafuta.

Wengi tunaharakisha hapo. Gia ikiingia mshale ukiwa juu, gari linaruka, na mruko ule hupokelewa na klachi za ndani ya gia boksi na mauntini za injini. Leo hutaona kitu. Lakini ukifanya hivyo kila asubuhi, mwaka hadi mwaka, ndipo gari linapoanza kuchelewa kushika gia, na bei ya gia boksi unaijua. Na tafadhali, usilipige resi ati lipate moto upesi. Oili ya injini bado ni nzito na vyuma havijapata ulainisho wa kutosha.

Kuliacha sailensa robo saa nako si kulitunza. Gari likiwa kwenye P, oili ya gia boksi haipati moto wa maana; huupata gari likitembea. Injini nayo inakunywa mafuta mengi bure, na mengine huteremka kuichafua oili. Ondoka taratibu, kilomita mbili tatu za mwanzo usikanyage sana. Likichelewa kuingia gia ya juu, liache: magari mengi huizuia kwa makusudi mpaka injini ipate moto. Na usiungurumishe gari ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake unaua.

Kwenye foleni fupi baki D, mguu kwenye breki. Ukisimama muda mrefu, kama treni ikipita, weka N na uvute handibreki. Usirudi D gari likiwa linaserereka huku unakanyaga mafuta.

Likiendelea kuruka hata baada ya kusubiri, pima oili ya gia boksi. Kwa Toyota nyingi za zamani zenye kijiti, hupimwa kwenye tambarare, gari likiwa na moto, injini inawaka, gia ipo P. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mwone fundi wa gia boksi wiki hii hii.