Neno "Gaidi" Lipimwe Vizuri
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kisiwa cha Mombasa)



Leo tuzungumze juu ya neno moja: gaidi. Huwa tunaulizwa, "Sheria ya ugaidi inatuhusu nini sisi akina mama wa merigoraundi na wavuvi?" Inatuhusu sana.

Kwanza tuseme kweli. Ugaidi upo na umetuumiza. Agosti 1998 bomu la Nairobi liliua watu zaidi ya 200. Novemba 2002 hoteli ililipuliwa pale Kikambala, na wengi waliokufa walikuwa Wakenya wenzetu. Machi 2014 waumini walipigwa risasi kanisani Likoni. Basi serikali kutaka sheria si kosa. Shida ni maana ya neno lenyewe.

Mwaka 2003 ulitolewa mswada wa kukomesha ugaidi. Maana yake ilikuwa pana mno. Kifungu cha 12 kiligusa hata mavazi: ukivaa nguo hadharani kwa namna ya kutiliwa shaka kuwa mfuasi wa kundi la kigaidi, ungeweza kushtakiwa. Hebu fikirini Mji wa Kale, ambako kanzu, kofia na buibui ni mavazi ya kila siku. Shaka hiyo angeipima nani? Waislamu walipinga, mawakili wakapinga, na mswada haukupita.

Sheria tuliyo nayo ni ya 2012. Inatazama kitendo, kama vile kutumia nguvu dhidi ya mtu au kuhatarisha maisha, na inatazama nia, kama vile kutisha umma au kuilazimisha serikali. Tena imeweka kinga: maandamano au mgomo unaovuruga huduma si ugaidi, mradi haukukusudia madhara hayo. Kinga hiyo tuikariri.

Hata hivyo, karatasi peke yake haitoshi. Desemba 2014 sheria za usalama zilibadilishwa kwa haraka Bungeni, kukiwa na vurugu. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Aprili 2015 akaunti za MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki ya hapa kwetu, zilifungwa. Zilifunguliwa kwa amri ya mahakama Novemba. Miezi saba! Kikundi chako kingestahimili miezi saba bila kugusa akiba yake? Na mwaka 2025 vijana kadhaa waliokamatwa baada ya maandamano walishtakiwa kwa sheria hiyohiyo ya ugaidi.

Sasa tufanye nini?

1. Mswada ukitoka, tuombe usomwe kwa Kiswahili barazani. Katiba inatupa haki ya kutoa maoni.
2. Tuandike vizuri vitabu vya fedha: nani katoa, nani kapewa, kwa kazi gani.
3. Mtu akikamatwa, tujue kituo alikopelekwa. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata.
4. Tusimwite jirani gaidi kwa sababu ya dini au nguo yake. Ukiona jambo la hatari kwa macho yako, peleka habari ya kitendo, si ya kabila wala ya kofia.

Tukinyamaza mwenzetu anapoonewa, kesho nani atatusemea sisi?

Maswali ya kujadili kikundini:
- Ni kitendo gani hasa sisi tungekiita ugaidi?
- Vitabu vyetu vya fedha vikikaguliwa leo, vitatutetea?