Wafuasi Wengi, Wateja Wangapi? Thamani ya Idadi ya Wafuasi kwa Mfanyabiashara Mdogo



Nimepewa mada ya thamani ya idadi ya wafuasi kwa biashara. Nitaanza na kesi iliyofika mahakamani, kwa sababu mahakamani mtu hulazimika kutaja bei.

Mwaka 2010 Noah Kravitz aliacha kazi PhoneDog, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikichapisha habari na tathmini za simu. Akiwa kazini aliendesha akaunti ya Twitter iliyobeba jina la kampuni na jina lake, yenye wafuasi wapatao 17,000. Alipoondoka, akabadilisha jina la akaunti na kuendelea kuitumia. Mwaka 2011 kampuni ikamshtaki, ikidai dola 2.50 kwa kila mfuasi kwa kila mwezi. Kwa miezi minane dai likafika dola 340,000. Kravitz akajibu kwamba akaunti ni mali ya Twitter, na wafuasi ni watu wenye hiari yao, leo wapo na kesho hawapo. Mwishoni mwa 2012 walimalizana wenyewe, akaunti ikabaki kwa Kravitz, na hakuna hakimu aliyewahi kutamka kama ile dola mbili na nusu ilikuwa halali.

Kwa maoni yangu Kravitz alikuwa na hoja nzito zaidi. Mfuasi anaweza kuwa na thamani kubwa au asiwe nayo kabisa. Inategemea unauza nini, yeye anaishi wapi, na kama unachoposti kinamfikia. Namba iliyo juu ya ukurasa wako haikwambii hata moja kati ya hayo.

Aliyekufuata si lazima akuone

Zamani kidogo mambo yalikuwa mepesi. Ukiposti, posti inawekwa mbele ya kila aliyekufuata, na mpya inakaa juu ya ile ya zamani. Mwaka 2016 Instagram iliacha utaratibu huo, programu ikaanza kuchagua yenyewe nani aone nini. Sababu, kwa maelezo yao wenyewe ya mwaka 2021, ni kwamba kufikia 2016 watu walikuwa tayari wakikosa asilimia 70 ya posti za wale wanaowafuata. Mwanzoni mwa 2018 Facebook nayo ilitangaza kuwa itatanguliza posti za ndugu na marafiki, kurasa za biashara zisogee nyuma. TikTok imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2020 ilieleza kwamba idadi ya wafuasi haihesabiwi moja kwa moja inapopanga video za kumwonyesha mtu. Ndiyo maana kijana mwenye wafuasi mia mbili anaweza kutazamwa na watu laki moja, na mwenye laki moja akatazamwa na mia mbili.

Kwa hiyo ukimsikia mwenzako anasema "nina watu elfu hamsini", jua kwamba hao ni watu waliowahi kubonyeza kitufe siku fulani. Wengine wameshabadilisha simu, wengine wamesahau hata walikufuata kwa sababu gani.

Kazi moja ambayo namba inaifanya kweli

Lakini nisiidharau namba. Mama wa Sumbawanga ameona gauni kwenye ukurasa wa duka la Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Bei imeandikwa, chini yake "tunatuma mikoani". Anatakiwa kulipa kwanza kwa simu, kisha mzigo upakiwe kwenye basi. Muuzaji hamjui, na habari za watu kutapeliwa anazisikia kila siku. Anaangalia juu ya ukurasa, anakuta wafuasi 60,000, roho inatulia kidogo. Hapo namba imefanya kazi ya kibao cha duka: inamwambia mpita njia kwamba hapa pana watu.

Mnunuzi mjanja haishii hapo. Anashuka kwenye komenti, anatafuta "mzigo umefika, asante dada". Akikuta komenti zimefungwa, anaondoka, na ana haki. Instagram pia ina sehemu iitwayo "Kuhusu akaunti hii", ambayo kwa kurasa nyingi huonyesha ilifunguliwa lini na imebadilisha jina mara ngapi. Ukurasa wa nguo za watoto uliobadili jina mara nne huenda ulianza maisha kama ukurasa wa udaku, ukauzwa pamoja na wafuasi wake. Wafuasi wale walikuja kusoma nani kaachana na nani. Usishangae hawanunui nepi.

Kwa kuwa namba inaleta imani, watu wakaanza kuiuza. Sisi tuliosikia habari za wafanyakazi hewa hatuwezi kushangazwa na wafuasi hewa. Desemba 2014 Instagram ilisafisha akaunti za uongo kwa mkupuo. Ukurasa rasmi wa Instagram wenyewe ukapoteza wafuasi zaidi ya milioni 18, na Justin Bieber zaidi ya milioni 3. Mwaka 2019 tume ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilimalizana na kampuni ya Devumi, iliyodaiwa kutimiza oda zaidi ya 58,000 za wafuasi wa uongo wa Twitter, wateja wake wakiwemo waigizaji, wanamichezo na wanamuziki. Mwaka 2024 tume hiyo ikatoa kanuni inayogusa muuzaji na mnunuzi wa wafuasi hao pale wanapotumika kuhadaa wateja.

Hasara kwa mfanyabiashara haisubiri sheria. Programu hupima posti yako kwa jinsi watu wanavyoipokea, na akaunti hewa hailaiki, haiulizi bei, haimtumii shoga yake. Unakuwa umelipa pesa ili uonekane kwamba watu hawakujali.

Keki haisafiri

Mfuasi anaishi wapi? Hapo ndipo wengi hatukai tukafikiri. Muuza vitenge wa jumla Kariakoo anafaidika na mfuasi wa Mbeya, wa Lubumbashi, hata wa Moroni, kwa sababu kitenge kinapanda basi au meli na kufika kikiwa kitenge. Mpika keki wa Tabata hana bahati hiyo. Keki yake inaishia pale bodaboda inapoweza kufika bila krimu kuyeyuka. Mfuasi wake wa Mwanza anaweza kulaiki kila picha kwa mapenzi ya dhati na asiongeze hata shilingi kwenye droo. Kwa mpika keki huyu ningechagua wafuasi 900 wa Tabata, Segerea na Buguruni kuliko elfu tisini waliotapakaa nchi nzima. Fungua takwimu za ukurasa wako, tazama orodha ya miji. Ukiuza chakula na mji wa kwanza si wako, namba yako ni pambo.

Kosa hilo la kutazama namba peke yake hufanyika pia tunapomlipa mshawishi wa mtandaoni. Mwaka 2019 binti mmoja wa Marekani mwenye wafuasi zaidi ya milioni 2 alitangaza nguo zake na akashindwa kupata wanunuzi wa fulana 36, ambazo ndizo kampuni ya kumshonea ilihitaji ili ianze kazi. Watu walipenda kumtazama, basi. Kabla ya kulipa, mwombe mshawishi afungue takwimu mbele yako kwenye simu yake. Asikutumie picha ya skrini, maana picha huhaririwa. Angalia miji, umri, na ni wangapi walioihifadhi posti au kuituma kwa wenzao. Kulaiki ni rahisi mno. Anayehifadhi picha ya sofa anafikiria sebule yake.

Ukurasa ni wa nani?

Kravitz anaishi madukani kwetu. Ukurasa umefunguliwa na mdogo wake mwenye duka, kwa namba ya simu ya mdogo mtu na barua pepe yake. Wakigombana, duka linabaki na bidhaa, ukurasa unaondoka. Sajili ukurasa kwa namba ya biashara na uiweke hai, kwani laini iliyoachwa bila kutumika hufungwa, na baadaye inaweza kupewa mtu mwingine. Msaidizi apewe ruhusa ya kuposti, nenosiri libaki kwako, na hilo liandikwe kwenye mkataba hata kama msaidizi ni binamu.

Hata ukifanya yote hayo, ukurasa uko juu ya ardhi ya mwenyewe. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Uganda ilifunga Facebook, na wafanyabiashara waliojenga wateja wao huko wakalazimika kutafuta njia za panya ili wawafikie. Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita kwa hitilafu ya kiufundi. Mei 2025 hapa Tanzania ilikuwa zamu ya X, yaani Twitter ya zamani, kufungwa.

Kinga ninayoifahamu ni daftari la kaunta. Jina la mteja, namba yake, alichonunua, mzigo ulitumwa wapi, na jibu la swali moja: "Umetuona wapi?" Ulizeni swali hilo kwa kila anayelipa, kwa miezi mitatu, bila kubahatisha kwa niaba yake. Wengi mtakuta jina la rafiki au jirani likirudiarudia pale mlipotarajia jina la mtandao.

Baada ya chai, kila mshiriki afungue takwimu za ukurasa wake na aandike mambo matatu: miji mitano ya kwanza, idadi ya watu waliofikiwa na posti ya mwisho, na idadi ya waliolipa katika wiki ya posti hiyo. Tutazilinganisha mezani, wauza vyakula peke yao na wauza nguo peke yao.