“Nilidhani Amefikisha Kumi na Minane”

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya wazazi na vijana, Matema, wilayani Kyela)

Tunajua mpunga unawasubiri, kwa hiyo hatutazunguka.

Katika kazi ya mradi wetu huku mwambao wa Ziwa Nyasa, kijana anapokamatwa tunasikia maneno yaleyale: “Aliniambia ana miaka 19, na alikubali mwenyewe.” Mara nyingine kijana huyo hasemi uongo. Alimkuta binti gulioni, ana umbo la mtu mzima, anauza dagaa na simu anayo. Akaamini. Je, sheria inamsamehe aliyekosea kwa nia njema?

Kwa makosa mengi, ndiyo. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda mtu aliyetenda akiamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, jambo ambalo kumbe si kweli. Ukichukua mtumbwi wa mwenzako alfajiri ukidhani ni wako, wewe si mwizi. Lakini kifungu hichohicho kinasema kanuni hiyo yaweza kuondolewa na sheria inayohusu kosa lenyewe.

Zamani mshtakiwa aliweza kujitetea kwamba alikuwa na sababu ya kuamini binti amefikisha umri. Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, utetezi huo haukuwekwa tena. Kifungu cha 130 kinasema kwamba kujamiiana na binti wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, awe ameridhia au hakuridhia. Adhabu yake kwa mtu mzima haipungui miaka 30. Kijana wa miaka 20 akifungwa leo, hesabuni wenyewe atatoka na umri gani.

Wenzetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2006 inamruhusu mshtakiwa kusema alidanganywa kuhusu umri, ila mahakama itamuuliza alichukua hatua gani kuujua. Sisi hatuombi sheria yetu ilegezwe, maana mtu mzima anaweza kuuliza na kungoja, na mtoto hana ngao nyingine. Hata hivyo swali lile la Kenya ni zuri: ulichukua hatua gani? Kijana mmoja ametuuliza hapo nje, “Sasa nikimpenda mtu nianze kwa kudai cheti?” Tumecheka naye. Lakini ndiyo, muulize yuko kidato cha ngapi, na uende kwao ukajulikane.

Wazazi, msijifiche nyuma ya vijana. Wapo wanaopokea ng'ombe au fedha, wakasema mambo yamekwisha nyumbani. Kosa la jinai halimalizwi kwa ng'ombe. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari kunaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 30. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 14 au 15 kuolewa vinapingana na Katiba.

Lipo jambo moja linalotuuma zaidi. Umri lazima uthibitishwe mahakamani. Mzazi, binti mwenyewe, daktari au cheti cha kuzaliwa vyaweza kuuthibitisha. Sasa mama anasimama kizimbani, anaulizwa mtoto alizaliwa lini, anajibu, “Mwaka ule ziwa lilipofurika.” Kesi inaweza kuanguka hapo, hata kama kila mtu kijijini anajua ni mtoto. Kadi ya kliniki imeliwa na mchwa. Na sisi kanisa tusijisifu, kwani baadhi ya sharika zimeandika tarehe ya ubatizo tu, ya kuzaliwa zikaiacha wazi.

Kwa hiyo baada ya chakula mwinjilisti atakaa chini ya mwembe na kitabu cha ubatizo. Mzazi ambaye mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa aje na kadi ya kliniki, au aje na bibi aliyekuwepo siku ile. Tutaandika majina yote, na orodha tutaipeleka wilayani Kyela sisi wenyewe.