Kuanzia Altareni: Kusanifu Kanisa la Kimapokeo kwa Parokia Inayokua



Katika parokia zetu nyingi za mijini, Misa ya Jumapili ina waumini wa makundi mawili: waliowahi benchi, na walio nje chini ya turubai wakimfuata padre kwa vipaza sauti. Halmashauri ya walei ikiketi kupanga kanisa jipya, swali la kwanza huwa: tujenge la watu wangapi? Idadi yoyote itakayotajwa itapitwa na wakati kabla paa halijaezekwa. Mimi ningeanza na swali jingine: kanisa hili litarefushwaje bila kubomolewa?

Mapokeo yanalo jibu. Jiwe la msingi la kanisa kuu la Köln, Ujerumani, liliwekwa mwaka 1248. Wajenzi walianzia mashariki, penye altare. Sehemu hiyo ilitabarukiwa mwaka 1322. Upande wa magharibi ukazibwa kwa ukuta wa muda, na ibada zikaendelea. Ukuta huo ulibomolewa mwaka 1863, na jengo zima likakamilika mwaka 1880.

Hilo liliwezekana kwa sababu ya umbo. Kanisa refu lenye safu mbili za nguzo hukua kwa vipande: ukiongeza jozi ya nguzo, umeongeza kipande cha kanisa. Basilika ya Namugongo, Uganda, iliyotabarukiwa mwaka 1975 kwa umbo la msonge, ni kazi bora ya usanifu. Lakini duara likishafungwa halirefuki. Linawafaa mahujaji, ambao tangu mwanzo hukusanyika uwanjani. Parokia ina hitaji tofauti.

Tupige hesabu. Kanisa lenye upana wa mita 18, na mita 5 kati ya nguzo na nguzo, lina kipande cha mita za mraba 90. Tukitenga mita 1 ya mraba kwa kila mtu, njia zikiwemo, kila kipande kitapokea watu 90 hivi. Vipande vitano vya kwanza vitachukua watu 450. Masharti ni mawili: eneo la altare lijengwe tangu mwanzo kwa ukubwa wa kanisa la mwisho, na kenchi zibebwe na nguzo, ili ukuta wa magharibi usibebe chochote.

Jua nalo linaunga mkono mapokeo. Kanisa linaloelekea mashariki huwa na kuta ndefu kaskazini na kusini. Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, jua la mchana hupita juu sana, na upenu mpana hutosha kuzikinga kuta hizo. Lakini tusinakili kila kitu cha Ulaya: dirisha kubwa nyuma ya altare, katika Misa ya saa moja asubuhi, litawapiga waumini machoni na kumfanya padre aonekane kivuli. Ukuta wa mashariki uzibwe, mwanga uingie kutoka ubavuni. Njia ya katikati nayo iwe pana, maana hapa matoleo huletwa kwa kucheza.

Kurefusha kuna mwisho. Wa nyuma asipoiona altare, wakati umefika wa kuzaa parokia nyingine.

Sheria za Kanisa, kanuni ya 1215, zinamtaka askofu asitoe kibali kabla ya kuridhika kwamba fedha za ujenzi na za ibada hazitapungua. Ujenzi wa hatua kwa hatua unamrahisishia uamuzi huo. Basi michoro inayopelekwa kwake ionyeshe hatua zote, kila moja na gharama yake: altare kwanza, mnara wa kengele mwisho. Kamati inayoanza na mnara imeuza sura ya kanisa kabla ya kuwapa watu mahali pa kusali.