Foleni Kwanza, Betri Baadaye: Gari la Umeme na Barabara ya Mombasa



Nitaanza na ugomvi. Majuzi nilikaa kwenye meza ya mjadala na mchumi mmoja ninayemheshimu, naye akalimaliza suala la magari ya umeme kwa sentensi mbili. Ya kwanza: gari la umeme ni la mjini, kwa kuwa porini hakuna umeme. Ya pili: safari ndefu isubiri betri kubwa, zije zile za kilomita 800, na mjadala utajifunga wenyewe. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa nimepewa dakika 5, na hoja iliyoshangiliwa haibomolewi kwa dakika 5. Leo nimepewa saa nzima.

Kwamba mota ya umeme hupoteza nishati kidogo kuliko injini ya petroli, na kwamba sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo, hayo mnayajua. Anayeyatilia shaka tutaonana naye kwenye chai.

Nianze na sentensi ya pili, maana ndiyo iliyopigiwa makofi zaidi. Kilomita 800 za nani? Namba inayoandikwa kwenye tangazo hutoka maabara. Kwa kipimo cha WLTP kinachotumika Ulaya, gari hufungwa ndani ya chumba chenye nyuzijoto 23, magurudumu yake yakazunguka juu ya mapipa ya chuma, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Huendeshwa kwa dakika 30, kilomita 23 na ushei. Kasi ya wastani ni kilomita 46.5 kwa saa. Mimi dereva wa Barabara ya Mombasa anayekwenda mwendo huo namjua mmoja tu: yule aliyekwama nyuma ya malori Mariakani.

Barabarani mambo ni mengine. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 110, hewa inakupinga karibu maradufu, mara 1.89. Mabasi yetu yalifungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa kanuni za Waziri Michuki za 2004, na mwenye gari la umeme anayekubali kukaa nyuma ya basi, akameza kiburi chake, ataokoa chaji nyingi kuliko atakayookoa kwa kuzima kiyoyozi na kutoka jasho kuanzia Voi hadi Emali.

Watu huniuliza juu ya mlima. Kutoka Mombasa hadi Nairobi unapanda mita 1,650 hivi, na imeenea imani kwamba mlima huo ndio mla betri. Tupige hesabu. Gari la tani 2 pamoja na abiria wake, likiinuliwa mita 1,650, linadai kilowati-saa 9. Ongeza upotevu wa njiani, sema 10. Si haba, lakini si zimwi. Gari la kawaida likila kilowati-saa 18 kwa kila kilomita 100, safari yote ya kilomita 480 inadai 86 kabla ya mlima. Mlima basi ni nyongeza ya sehemu moja kati ya tisa, na ukishuka Pwani breki zinazozalisha umeme hukurudishia sehemu yake. Mguu wa kulia wa dereva hula zaidi.

Sasa tuchukue betri ya kilowati-saa 60. Umeondoka Nairobi imejaa, na hutaki ishuke chini ya asilimia 10. Una kilowati-saa 54, yaani kilomita 300: Mtito Andei umeipita, Voi iko mbele kidogo. Kufika Mombasa unahitaji nyingine 32. Chaja ya kilowati 50 itakupa kiasi hicho kwa dakika 40 na kidogo. Chaja ya kilowati 150, gari likikubali kuipokea, itatumia dakika 20 hivi. Tofauti ya chaja ya kawaida na ile inayopigiwa debe ni dakika 20, na mtu aliyeagiza kuku wa kienyeji njiani hatazihisi, kwa sababu kuku hajaja.

Nimpe mwenzangu haki yake. Aje na betri ya kilowati-saa 100. Kushuka, zile 90 anazoweza kutumia zinamfikisha Mombasa bila kusimama, nakiri. Kupanda, 86 na 10 ni 96, kwa hiyo karibu na Athi River ataanza kula akiba. Na hilo bado ni dogo. Swali ni hili: akifika Mombasa, anachaji wapi? Soketi ya nyumbani ya ampia 13 si ya kuvutwa kwa saa nyingi zaidi ya ampia 10, nazo ni kilowati 2.4. Gawanya 90 kwa 2.4, unapata saa 37 na nusu. Fika kwa shangazi Kisauni Ijumaa saa moja jioni, chomeka, na gari litajaa Jumapili saa mbili na nusu asubuhi, shangazi akiwa ameanza kukuuliza habari za tokeni tangu Jumamosi. Betri kubwa haijaondoa tatizo la safari. Imelihamishia kwa shangazi.

Kisha kuna jambo ambalo mwenzangu, msomi wa masoko, ameliruka. Magari mengi tunayonunua ni mitumba kutoka Japani, ya umri usiozidi miaka 8. Betri iliyo barabarani mwetu leo ni ile iliyouzwa Japani miaka kadhaa iliyopita. Nissan Leaf ya kwanza, ya Desemba 2010, ilikuja na kilowati-saa 24. Ile ya 2017 ilikuja na 40, na betri yake haipozwi kwa maji, hupoa kwa hewa tu. Ichaji kwa nguvu mara ya pili siku hiyo hiyo katika joto la Tsavo, na kompyuta yake itapunguza umeme inaoupokea ili betri isiharibike. Hata ikiwa baridi, haipokei zaidi ya kilowati 50 hivi. Plagi yake ya CHAdeMO si CCS ya magari ya Ulaya, wala si GB/T ya magari yaliyoundwa kwa soko la China. Kumwambia mwenye Leaf asubiri kilomita 800 ni kumwambia asubiri mtu mwingine anunue, atumie, achoke, auze.

Mpwa wangu ana gari la namna hiyo, na nimewahi kupanda naye kutoka Pwani. Tulifika kwenye hoteli fulani ya njiani ambayo sitaitaja tukiwa na chaji ya kutupeleka mahali popote isipokuwa tulikokuwa tukienda. Chaja ilikuwepo, taa ya kijani inawaka. Mbele yake limeegeshwa Prado la dizeli, kwenye kivuli. Tukamwita bawabu. "Mzee," akaniambia kwa upole mkubwa, "mwenyewe anakula." Mwenyewe alikuwa anakula samaki, na samaki ana miiba. Alipotoka, programu ya simu ikadai namba ya siri itumwe kwa ujumbe, na mtandao pale ulikuwa wa kuja na kuondoka. Mpwa wangu akapanda juu ya mawe ya bustani kuutafuta, simu mkononi. Niliwaza juu ya kilomita 800. Gari la betri hiyo pia lingesimama nyuma ya Prado.

Hapo ndipo penye swali ambalo vitabu vyetu vya uhandisi wa uchukuzi vinalo tangu zamani na mjadala wa magari ya umeme umelisahau: nani yuko mbele yako? Chukueni chaja moja inayomshughulikia kila mteja kwa dakika 45. Kwa saa inahudumia gari moja na theluthi. Desemba, watu wakishuka Pwani, yakija magari 4 kila saa, baada ya saa 4 yamebaki magari 10 na zaidi kwenye mstari, na wa mwisho atasubiri saa 8. Tukiweka chaja moja kubwa ya kilowati 200 na kila gari likaondoka kwa dakika 20, bado foleni inakua kwa gari moja kila saa. Tukigawa kilowati hizo hizo 200 kwa chaja 4 za 50, zinahudumia magari 5 na theluthi kwa saa, na foleni inakufa. Na kumbukeni, Leaf kwenye chaja ya 200 itapokea 50 yake ile ile, nyingine zikikaa bure huku watu wanasubiri.

Mtaniambia, na mmoja wenu amekwisha kuinua mkono, kwamba chaja kubwa za siku hizi hugawa umeme wake kwa nyaya kadhaa. Ni kweli. Tena chaja 4 zinadai maegesho 4, bawabu macho, na mtu wa kuzitengeneza. Ni kweli vilevile. Nimeyapima yote hayo kwa miaka, na bado nasema 4 za 50. Chaja ikiharibika siku moja kati ya 10, mwenye kutegemea moja amekwama siku hiyo. Zikiwa 4, kila moja ikiharibika kwa wakati wake, kuzikuta zote zimekufa pamoja ni bahati mbaya ya mara moja kati ya 10,000. Umeme wa gridi ukikatika, hesabu hiyo inavunjika: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na usiku wa namna hiyo chaja 4 ni sawa na sufuri. Dawa yake ni betri ya akiba kituoni, na kwangu mimi hapo ndipo betri kubwa inapostahili kuwekwa, chini ya paa, bila kubebwa kwenda na kurudi.

Nije kwenye sentensi ya kwanza, kwamba porini hakuna umeme. Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu nitaisifu ramani ninayoipenda kuliko zote za nchi hii, nayo si ya barabara. Ni ramani ya bomba la mafuta.

Bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi 1978: inchi 14, kilomita 450. Mafuta hayapandi mlima kwa hiari yake. Husukumwa na pampu, na pampu hizo ziliwekwa Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Mwaka 2008 zikaongezwa nyingine katikati: Samburu, Manyani, Makindu na Konza. Soma majina hayo polepole na utaona aliyeyapanga hakuangalia hoteli wala mandhari. Aliangalia mwinuko na shinikizo, yaani ni wapi nguvu inaisha na lazima iongezwe. Ni swali lile lile la dereva wa Leaf, lililokwisha kujibiwa na mafundi waliokuwa wakifikiria petroli. Bomba la inchi 14 lilipozeeka, lile la inchi 20 lililoanza kusukuma mafuta 2018 lilirudi Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Misafara ya karne ya 19 iliyovuka nyika ya Taru nayo ilikuwa ikikaza mwendo kufikia maji ya Maungu.

Na pampu hizo zinaendeshwa na nini? Stima. Njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Rabai kuelekea Nairobi inafuatana na barabara na bomba, na njiani inavilisha vituo hivyo. Tani moja ya mafuta, kwa kuinuliwa tu hadi Nairobi, inadai zaidi ya kilowati-saa 4 kabla ya kuhesabu msuguano ndani ya bomba. Kwa hiyo petroli iliyo kwenye tangi la mwenzangu, ile anayoisifu kwamba haitegemei umeme wa porini, sehemu yake kubwa imepandishwa mlima huo huo na umeme wa porini. Majirani zetu wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi: tangu 2024 treni ya umeme inapita mapori ya Morogoro hadi Dodoma, wakati reli yetu mpya ya 2017 ingali inavutwa na dizeli.

Pendekezo langu basi ni fupi. Vituo vya kwanza vya kuchajia vijengwe karibu na pampu za Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud, kila kimoja na chaja 4, nyaya za CCS na CHAdeMO kwa kila chaja, na angalau moja ya GB/T. Malipo yakubali M-Pesa kwa namba ya kawaida, bila programu. Mstari wa rangi uchorwe chini, na anayeegesha gari la mafuta juu yake afungwe mnyororo hadi amalize samaki wake.

Kuhusu malori, mada niliyoiepuka jioni yote, nitasema neno moja. Lori la tani 40 likipanda mita 1,650 linadai kilowati-saa 180 kwa mlima peke yake, tena linapanda limejaa na mara nyingi hushuka tupu, kwa hiyo breki zake hazitalirudishia hata nusu ya deni hilo. Kwa lori, chaja zangu za 50 ni mzaha. Pale tutahitaji megawati, na nitakapoalikwa kuzizungumzia nitakuja na ramani hii hii ya bomba.