MANENO YA MWANACHAMA ALIYETOKA MBIONI KASULU
(Yamenakiliwa kama yalivyosemwa mkutanoni)



Nimeitwa hapa mbele nitoe shukrani. Nashukuru kweli, maana chama kilinipa shilingi 60,000 nitoke huku Kibondo niende Kasulu kukimbia nusu marathoni. Lakini ile karatasi mliyoibandika ofisini, pale juu ya mizani, inaninyima usingizi. Inasema nimekimbia kilometa 21 kwa saa moja na dakika moja. Mmenipongeza mpaka sokoni. Leo naomba ishushwe.

Nusu marathoni ni kilometa 21 na mita 97 na nusu. Yomif Kejelcha wa Ethiopia alizimaliza kwa dakika 57 na sekunde 30, mwaka 2024, mjini Valencia, Hispania, kwenye lami tambarare. Sasa mimi mpanda maharage, kwenye vilima vyetu hivi, aniache dakika tatu na nusu tu? Jamani! Nikikimbia vizuri sana natumia saa moja na dakika 24 hivi.

Ilikuwa hivi. Tuliambiwa kuanza ni saa 12 asubuhi. Tukasimama kwenye mstari mpaka saa 2 na dakika 40, tunamngoja mgeni rasmi. Jua limeshapanda, na ile chai ya alfajiri imeshaisha tumboni. Wanaoandaa mbio kubwa huweka maji kila kilometa tano hivi. Sisi tulikuta ndoo moja na kikombe kimoja, watu wanapanga foleni kama wako kisimani. Dada mmoja alianguka mbele yangu. Aliyemwinua ni mama muuza ndizi, akammwagia maji yake mwenyewe ya kunywa. Gari la huduma ya kwanza sikuliona.

Kwenye njia panda alitakiwa awepo mtu wa kutuelekeza kushoto. Hakuwepo, nasikia alikwenda kunywa chai. Mshale wa chokaa ulikuwepo, ila ng'ombe walikuwa wameshaupitia. Sisi wa mbele, kama watu kumi na wawili, tukanyoosha moja kwa moja, tukashtukia tumerudi mjini. Watu wanashangilia, ngoma zinalia, nami nikavishwa medali.

Kijana mmoja mwenyeji aliijua njia. Aliizunguka yote peke yake, akafika zaidi ya dakika ishirini nyuma yetu, miguu imejaa vumbi jekundu. Medali zilikuwa zimekwisha. Akauliza, "Mbona ninyi sikuwaona kule?" Hakujibiwa. Hata mimi nilinyamaza, ndugu zangu, na medali iko shingoni. Hilo ndilo nimekuja kulisema, hayo ya ndoo na chai mngeyasikia kwa wengine.

Jumatatu nilichukua bodaboda kwa fedha yangu, tukafuata njia tuliyokimbia huku tunaangalia mita ya pikipiki. Kilometa 15 na nusu.

Mnamkumbuka John Stephen Akhwari. Mexico, mwaka 1968, aliumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde. Lakini zile kilometa 42 zilikuwa zimetimia. Na mwaka 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, akawa bingwa wa dunia wa marathoni. Wenzetu wanapima mpaka hapo, sisi tunapoteza kilometa tano na nusu na hakuna anayeulizwa!

Nasema haya kwa kuwa nimesikia hata sisi tunataka mbio zetu Siku ya Ushirika, Jumamosi ya kwanza ya Julai. Mimi naunga mkono. Ila njia ipimwe kwanza. Wapimaji hutumia baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na kwa kila kilometa huongeza mita moja ili njia isije ikapungua. Kifaa hicho hatuna, lakini baiskeli tunazo, na kamba ya kupimia mashamba ipo stoo. Tufunge kitambaa kwenye gurudumu tuhesabu. Nitahesabu mimi, na mtu wa pili ahesabu peke yake, tulinganishe. Na kwenye njia panda asimame mtu mzima aliyekwisha kunywa chai.

Medali nimemtumia yule kijana kwa dereva wa basi.

Hesabu ya fedha: kiingilio 25,000, nauli kwenda na kurudi 20,000, kulala 10,000. Jumla 55,000. Stakabadhi ya kiingilio sikupewa, ndiyo maana nimekuja na mwenzangu niliyesafiri naye ashuhudie. Salio la 5,000 hili hapa, Mtunza Hazina alipokee mbele yenu.